CHINI YA BAHARI HAKUNA CHEO

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Sisi tuliorudi kutoka Bahari ya Shamu twapenda kuongeza neno moja: kukiri upungufu si woga. Somo hilo tulifundishwa katika chuo cha kadeti, tukaliandika daftarini, tukafaulu mtihani wake. Lakini hatukulielewa hata tulipokuwa likizoni, mita 24 chini ya maji, ndani ya meli ya mizigo ya kivita iliyozama mwaka 1941. Kwa kuwa nusura tuangamie katika kulielewa, tumeona si haki kulikalia kimya.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, mwaka 2025. Tulikuwa watatu, na sote tulikuwa tumemaliza kozi ya miezi minne mjini Kairo. Wa kwanza ni sisi tunaoandika makala haya. Wa pili ni Sajini wa kikosi cha majini, mtu wa maneno machache, ambaye kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kuzamia katika Ziwa Viktoria. Wa tatu ni Inspekta wa polisi, mwanamke shupavu, ambaye pamoja nasi alikuwa amejifunza kuzamia siku za mapumziko, kwanza katika bwawa la kuogelea, kisha baharini, hadi tukapata vyeti vya daraja la kwanza.

Siku sita zilibaki kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Wenzetu wengine wa kozi walikwenda kuzitazama piramidi. Sisi tulichanga posho zetu (ile ya fedha, si ile ya sahani), tukapanda basi kuelekea Sharm el-Sheikh, mji ulio karibu na ncha ya kusini ya rasi ya Sinai. Wala isidhaniwe kwamba senti moja ya serikali ilitumika.

Basi letu lilipita chini ya Mfereji wa Suez kwa njia ya handaki lenye jina la Ahmed Hamdi, afisa wa wahandisi wa jeshi la Misri aliyeuawa katika vita vya Oktoba 1973, wakati vikosi vyake vikishughulika na madaraja ya kuvukia mfereji huo. Askari hapiti mahali kama hapo bila kunyamaza kidogo. Baada ya hapo ni jangwa na milima mikavu isiyo na jani, na mwisho wake, ghafla, bahari ya buluu.

NYUMBA JUU YA MAJI

Boti tuliyoipanda ni ya aina ambayo wageni hulala humo humo, wala hawarudi nchi kavu mpaka safari iishe. Chini mna vyumba vya kulala, katikati ukumbi wa kulia chakula, na nyuma, upande ambao mabaharia huuita tezi, mna uwanja wa kuvalia zana. Hapo mitungi ya hewa ilisimama safu mbili, kila mmoja umefungwa mahali pake na una namba yake, mithili ya bunduki katika ghala la silaha. Wageni tulikuwa 18, wengi wao Wajerumani na Waitalia.

Kabla hatujafungua mabegi, Inspekta alimwendea nahodha, akaomba aonyeshwe makoti ya kujiokolea, milango ya dharura na vizima moto. Wageni wengine walitabasamu. Nahodha hakutabasamu. Alimwonyesha kimoja baada ya kingine, kwa maana mwezi wa Novemba 2024 boti ya watalii wa kuzamia ilikuwa imepinduka katika bahari hiyo hiyo, karibu na Marsa Alam, na baadhi ya waliokuwamo hawakutoka. Usiku huo wa kwanza kila mgeni alilala akijua mlango wake wa kutokea.

Kengele ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kikombe cha chai, kisha maelezo, kisha kuzamia, na ndipo kifungua kinywa. Kifungua kinywa chenyewe, ndugu msomaji, kilikuwa maharagwe! Wamisri huyaita ful, nayo huliwa kwa mkate wa duara na mafuta. Sajini aliitazama sahani yake, akasema kwamba maharagwe ya jeshi yana miguu mirefu kuliko alivyodhani.

Hakuna aliyeingia majini bila kusikiliza maelezo. Kiongozi wa wazamiaji, Mmisri wa makamo, alichora mwamba ubaoni: mkondo unatoka wapi, pa kuingilia, pa kutokea, kina cha mwisho, dakika za mwisho, na kipimo cha hewa ambacho mtu akikifikia ni lazima ageuke. Sajini alitunong'oneza, "Afande, hii ni amri ya operesheni kabisa." Kisha kila mtu akapangiwa mwenzi wake, na sheria ikatajwa: wawili huingia pamoja, hukaa pamoja, hutoka pamoja. Inspekta alipangiwa mwalimu wa shule kutoka Ujerumani. Sisi tulipangiwa Sajini.

Kila mzamiaji alifunga kiunoni mkanda wa risasi. Hapa risasi si ya bunduki, bali ni madini yenyewe, yaliyoyeyushwa na kufanywa vipande vya kumsaidia mtu azame. Jambo hili lilimpa Sajini taabu siku ya kwanza. Ziwa letu ni maji yasiyo na chumvi, hali Bahari ya Shamu ina chumvi kiasi cha gramu 40 katika kila lita, kupita hata bahari nyingine. Mzamiaji wetu hodari, kwa uzito wake wa ziwani, alielea kama kizibo cha chupa. Bila kuona haya akainua mkono, akasema amepungukiwa uzito. Akaongezewa kilo tatu, akashuka kama jiwe. Laiti tungalimtazama vizuri asubuhi ile, na kumwiga!

BUSTANI YENYE UHAI

Mahali petu pa kwanza palikuwa Ras Mohammed, hifadhi ya taifa ya Misri tangu mwaka 1983. Hapo nchi ya Sinai inakoma, na ukuta wa mwamba unashuka wima mamia ya mita kwenda gizani. Tulipiga hatua moja ndefu kutoka kwenye ubao wa tezi, maji yakatufunika, na povu lilipotawanyika tukaona kwamba tunaning'inia angani juu ya bonde.

Sajini alisimama tuli majini kwa muda mrefu. Baadaye alitueleza sababu. Kule ziwani yeye huzamia kwa mikono. Maji ni meusi, matope yakitibuka hata kiganja chako hukioni, na kinachotafutwa ni mtu ambaye jamaa zake wanangoja ufukweni. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukiona kitu chini ya maji kabla ya kukigusa. Siku ile aliona mita 25 mbele yake.

Watu wengi hudhani matumbawe ni mawe au mimea. La hasha. Tumbawe ni mnyama mdogo mno, mwenye kinywa na mikono midogo ya kukamatia chakula, ambaye hujijengea nyumba ya chokaa na kuishi kwa maelfu pamoja na wenzake. Ndani ya mwili wake hupanga mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenyeji wake, nayo ndiyo humpa rangi. Maji yakizidi joto lake la kawaida, hata kwa nyuzi moja au mbili tu, kwa majuma kadhaa, urafiki huo huvunjika: mimea hutoka, tumbawe hubaki jeupe, na joto lisipopungua hufa kwa njaa. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 katika pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yaliteketea. Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba balaa hilo limeikumba dunia kwa mara ya nne. Matumbawe ya kaskazini ya Bahari ya Shamu yamestahimili joto kuliko mengi ya kwingineko, na kwa hiyo ni amana kubwa. Kiongozi wetu alitukataza hata kuyagusa kwa kidole.

Juu ya bustani hiyo walipita samaki wa kila rangi. Pono walikuwa wakiguguna mwamba kwa midomo yao migumu, na masikio yetu yaliusikia mlio wa meno yao. Baadaye huutoa ule mwamba nyuma yao ukiwa mchanga mweupe, na mchanga huo ndio wageni huulalia ufukweni bila kuuliza umetoka wapi. Mkunga alichungulia pangoni mwake, akifumbua na kufumba kinywa. Kasa mzee alipita juu yetu polepole, mithili ya jenerali anayekagua gwaride. Mahali pamoja tulikuta shehena ya vyoo vya kukalia, vyeupe, vimetawanyika chini ya bahari. Vilianguka kutoka meli iitwayo Jolanda, iliyopanda mwamba mwaka 1980, na sasa samaki wamevifanya makao.

Furaha ilimzidi Inspekta, akamgeukia kiongozi na kuinua kidole gumba, maana yake kwetu "safi kabisa." Kiongozi akamshika mkono papo hapo, akaanza kumpandisha juu. Kwa wazamiaji gumba lililoinuliwa si sifa. Ni amri: panda juu. Mtu aliye salama huunganisha gumba na kidole cha shahada kufanya duara. Tulicheka sana mezani siku ile. Ishara hiyo, msomaji aiweke akilini.

HEWA HAINA URAFIKI

Ili kosa letu lieleweke, yafaa tueleze kwanza jinsi hewa inavyotumika chini ya maji. Juu ya nchi mwili hubeba uzito wa anga. Kila mita 10 za maji huongeza uzito mwingine kama huo. Katika mita 10 kanieneo huwa mara mbili, katika mita 20 mara tatu, katika mita 30 mara nne. Kipumulio humpa mzamiaji hewa yenye nguvu sawa na maji yanayomzunguka, na kwa hiyo pumzi moja ya mita 30 hula hewa ya pumzi nne za juu. Mtungi ambao ungemtosha mtu saa nzima karibu na uso wa maji, kule chini humwishia kwa robo saa. Na akihangaika au kuogopa, humwishia mapema zaidi.

Wala hawezi kukimbilia juu kama mtu aliyechomoza kutoka mtoni. Hewa iliyo ndani ya mapafu hutanuka kadiri anavyopanda, na akizuia pumzi mapafu huweza kupasuka. Tena naitrojeni iliyoingia katika damu kwa nguvu ya kina hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huweza kulemaza au kuua. Mtaalamu John Scott Haldane, aliyekuwa akifanya kazi kwa ajili ya jeshi la wanamaji la Uingereza, aliwafanyia mbuzi majaribio, na mwaka 1908 akatoa majedwali ya kumwonyesha mzamiaji namna ya kupanda kwa vituo. Mpaka leo mzamiaji hupanda polepole, husimama katika mita 5 kwa dakika 3, ndipo hutoka. Hata ndege haruhusiwi kupanda mpaka zipite saa 24 hivi.

Zana zenyewe twazitumia kwa sababu ya afisa wa jeshi la wanamaji la Ufaransa, Jacques Cousteau, na mhandisi Émile Gagnan, waliotengeneza mwaka 1943 kipumulio kinachompa mtu hewa kadiri anavyoihitaji. Kabla ya hapo wazamiaji wengi walikuwa wafungwa wa mpira wa hewa uliotoka juu. Cousteau huyo huyo, katika miaka ya 1950, ndiye aliyeifikia na kuitangaza meli ambayo sasa twaielekea.

MELI YA ASKARI

Siku ya pili boti ilitupeleka Sha'ab Ali, katika mlango wa Ghuba ya Suez. Hapo imelala Thistlegorm, meli ya Uingereza yenye urefu wa zaidi ya mita 120, iliyojengwa Sunderland mwaka 1940. Mwaka 1941 iliondoka Glasgow ikiwa na shehena ya majeshi yaliyokuwa yakipigana Afrika ya Kaskazini. Kwa kuwa Bahari ya Kati ilikuwa ya hatari mno, ililazimika kuzunguka bara zima la Afrika: ikapita Cape Town, ikapanda kwa upande huu wetu wa mashariki, ikaingia Bahari ya Shamu, ikatia nanga kungoja zamu yake ya kupita Suez. Mwaka huo huo babu zetu wa KAR walikuwa vitani Ethiopia.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 1941 ndege za Kijerumani ziliikuta mahali hapo. Mabomu yaliipata upande wa tezi, risasi na makombora yaliyokuwa ghalani yakalipuka, meli ikakatika na kuzama. Watu tisa walikufa: mabaharia wanne na wapiga mizinga watano. Baharia mmoja, Angus McLeay, alikuwa amekwisha fika mahali pa kujiokoa alipomwona mwenzake majeruhi ng'ambo ya sitaha inayowaka. Akarudi, akamtoa, na baadaye akapewa Nishani ya George kwa ushujaa wake.

Tulishuka kwa kamba iliyofungwa kwenye meli, mmoja nyuma ya mwingine, mkondo ukitupeperusha kama bendera. Kwanza tuliona kivuli, kisha mlingoti, kisha meli yote. Katika maghala ya chini, ambayo mabaharia huyaita ngama, malori aina ya Bedford yangali yamepangwa safu, na juu yake pikipiki zimesimama kwa magurudumu yao kana kwamba wapanda pikipiki wamekwenda kunywa chai. Kuna bunduki za Lee-Enfield zilizogandamana, kuna mabuti ya mpira kwa marundo. Treni mbili za mvuke zilizofungwa juu ya sitaha zilirushwa na mlipuko, zikaanguka mchangani pembeni. Juu ya chuma hicho chote matumbawe yameota, na chewa mkubwa amejiweka lindoni mlangoni.

KOSA LETU

Sisi tunaoandika habari hii tulishuka tukiwa na mshale wa hewa kwenye 200. Kupigana na mkondo kulitutoa pumzi, na tulipofika chini tulikuwa tukipumua kama kuruta aliyekimbizwa kilima. Amri ilikuwa wazi: ukifika 120, geuka, ukifika 70, anza kupanda, utoke majini ukiwa na 50.

Dakika ya kumi Sajini alitugeukia, akagonga kiganja chake kwa vidole, yaani: hewa kiasi gani? Tulitazama kipimo. Mshale ulikuwa kwenye 90. Yeye alituonyesha chake: 150.

Hapo ndipo tulipokosea. Tuliona kwamba afisa atakuwa ndiye sababu ya wote kurudi mapema. Tuliona kwamba Sajini hajagusa hata theluthi ya hewa yake. Tukafikiri ngama moja tu imebaki, tuimalize, nani atajua? Tukainua vidole kumwonyesha 120.

Alitutazama kitambo, akafanya duara la vidole, akakubali. Tukaingia ngama ya pili. Kati ya malori mna njia nyembamba na giza, na taa ya mkononi huangaza mahali pamoja tu. Tulipotazama kipimo tena mshale ulikuwa karibu na 60. Moyo ukaanza kwenda mbio, na pumzi nayo ikaongezeka. Tukazidi kuimaliza ile hewa tuliyoiogopea. Kamba ya kupandia ilikuwa mbali, upande wa pili wa sitaha. Hata wakati huo hatukusema. Tulikuwa tukitafuta jinsi ya kusema bila kuonekana kwamba tulidanganya.

Sajini hakungoja. Alisogea, akakishika kipimo chetu kwa mkono wake mwenyewe, akakimulika. Mshale ulikuwa kwenye 40. Aliinua kidole gumba mbele ya miwani yetu. Haikuwa sifa, wala halikuwa ombi. Akautoa mdomoni mwetu ule uoga wote kwa tendo moja: alitupa kipumulio chake cha akiba, cha rangi ya manjano, akatushika ukanda wa bega, akatuongoza. Tulivuka sitaha tukipumua kutoka mtungi wake. Tulipanda kamba polepole, kama inavyopasa. Katika mita 5 alitusimamisha kwa dakika 3 kamili, akihesabu kwa vidole, huku macho yake hayabanduki kwetu. Kwa dakika zile Sajini alikuwa kamanda, na afisa akatii, na kwa kutii akaishi.

MANENO YA SAJINI

Juu ya boti hakusema neno. Alipanga zana zake, akanywa chai, akamcheka Mwitaliano mmoja aliyepoteza pezi la mguuni. Jioni, wageni walipokwenda kulala, alitukuta peke yetu omoni.

"Afande, naomba ruhusa nizungumze."

"Sema, Sajini."

"Afande, leo nilikuuliza hewa, ukanionyesha 120."

"Ndiyo."

"Haikuwa 120."

"Haikuwa, Sajini. Ilikuwa 90."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Afande, kule ziwani nikishuka sioni kitu. Mwenzangu yuko juu katika mtumbwi, ameshika ncha ya kamba. Nikivuta mara moja, anajua niko salama. Nikivuta mara nne, ananitoa. Hanioni, nami simwoni. Tulicho nacho ni ile kamba tu. Sasa mtu akivuta mara moja wakati mambo yake ni mabaya, kamba ile ni ya kazi gani? Leo mkono wako ndio ulikuwa kamba yangu, Afande."

Hatukuwa na la kujibu ila moja. "Tumekosa, Sajini. Nisamehe." Akapiga saluti, giza kama lilivyokuwa, akaenda kulala.

Msomaji ajue huyu ni mtu wa namna gani. Mwezi wa Novemba 2018, chombo cha starehe kilipozama katika Ziwa Viktoria upande wa Mukono na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha, wazamiaji wa jeshi na wa polisi ndio walioshuka mara kwa mara kuwatafuta waliozama. Sajini alikuwamo. Hatujapata kumsikia akisimulia habari hiyo kwa majivuno.

Asubuhi tulimwendea kiongozi wa wazamiaji, tukamweleza yote bila kuficha. Tulitegemea aibu, pengine kukatazwa kuzamia. Alisikiliza, akaandika kitabuni mwake, akauliza swali moja: kwa nini hamkuniambia siku ya kwanza kwamba mnakula hewa haraka? Akaenda safuni, akatoa mtungi mnene kuliko mingine. Mitungi yetu ilikuwa ya lita 12. Ule ulikuwa wa lita 15, na boti ilikuwa nayo minne, maalumu kwa watu kama sisi. Dawa ya ugonjwa wetu ilikuwa imesimama hatua tano kutoka kitandani petu tangu mwanzo, ikingoja tuseme tu.

Siku ya tatu, ya mwisho ya kuzamia, tulikwenda Mlango wa Tiran, ule ambao Misri ilipoufunga Mei 1967 vita vilifuata mwezi uliofuatia. Leo njia hiyo ni ya meli za biashara, na kando yake iko miamba minne ya matumbawe. Katika mwamba wa Jackson Sajini aligonga kiganja chake. Tukatazama, tukamwonyesha 110, na ndiyo ilikuwa 110. Akageuka, sote tukageuka. Njiani tulikutana na kundi la samaki wa fedha waliojipanga kama kombania nzima, wakatufungulia njia na kuifunga nyuma yetu. Hatukupoteza chochote kwa kusema kweli.

NENO LA MWISHO

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, si kila mmoja wetu atazamia baharini. Lakini kila mmoja ana mtungi wake. Dereva ajuaye kwamba breki zimelegea, mlinzi mwenye homa aliye lindoni, koplo aliyebakiwa na risasi chache kuliko zilizoandikwa, konstebo ambaye hajalala siku mbili, hao wote wako mita 24 chini ya maji. Nasi tuliopewa kazi ya kalamu tunajua jinsi maneno "hali ni shwari" yanavyoandikwa kwa urahisi, na jinsi mkubwa aliye mbali anavyoyapangia mipango yake kana kwamba ni chuma.

Kwa walio chini twasema: sema mapema, wakati mshale ungali kwenye 120. Upungufu ukitajwa mapema hupata mtungi wa lita 15; ukifichwa humtia hatarini hata yule aliyekuja kukuokoa, maana alipotupa hewa yake Sajini naye aliipunguza ya kwake.

Kwa walio juu, ambao sisi tu miongoni mwao, twasema neno zito zaidi. Mtu huficha kwa sababu anaogopa uso atakaoukuta. Kiongozi yule wa boti hakufoka. Aliuliza swali moja, akatoa mtungi. Lau angetuaibisha mbele ya wageni, mgeni mwingine mwenye 90 angeonyesha 120 siku iliyofuata. Mkubwa ajiulize: ni lini mara ya mwisho askari wake alimletea habari mbaya kwa hiari? Ikiwa hakumbuki, asidhani kwamba kikosi chake hakina upungufu.

Tulirudi Kairo kwa basi, tukakaa saa zetu 24 bila kuzamia, tukapanda ndege. Uwanjani Entebbe kila mmoja alishika njia yake: Inspekta kituoni kwake, Sajini ziwani, sisi ofisini. Kabla ya kuachana, Sajini aligonga kiganja chake kwa vidole, huku akicheka. Nasi tulimwambia kweli: tumechoka, tuna njaa, na fedha ya teksi haitoshi. Akatukopesha.